Klachi ya Ravna

Heaika alikuwa fundi wa pikipiki za theluji, zile ambazo kwao Kautokeino, mji wa kaskazini ya mbali karibu na Finland, kila mtu huziita skuta tu. Ukimletea injini iliyokufa alikutengenezea huku akinung'unika. Lakini ukimwambia, "Mzee, skuta yangu ina nguvu ila haiendi," hapo ulimwona akivua glavu na kuvuta kigoda, maana maradhi hayo ni ya klachi, na klachi ndiyo kazi aliyoipenda.

Klachi ya skuta ni puli mbili na mkanda mmoja. Ndani ya puli ya mbele mna vipande vya chuma vilivyopinda kama kucha, ambavyo mafundi huviita vizito. Injini ikichachamaa, vizito hutanuka, puli hubana, mkanda hupanda juu na skuta hukimbia. Uzani ukizidi, injini huelemewa. Ukipungua, inapiga kelele za bure. Katikati ya hayo mawili ndimo Heaika alimoishi, na akiwa na mpanda skuta aliyejua anachokitaka, angeweza kukesha na klachi moja wiki nzima bila kulalamika.

Mpanda skuta wa namna hiyo alikuwa mmoja tu, naye ni binti yake wa pekee, Ravna.

Ravna alichunga kulungu wa theluji pamoja na mumewe Issat. Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, mwenye kicheko kilichomzidi mwili. Majira ya kuchipua alipopata skuta mpya, alimtaka baba yake aifanyie jambo gumu: iondoke taratibu kabisa, isiwashtue majike wenye mimba akiwa katikati yao, halafu jike mmoja akichoropoka iruke kama risasi. Mambo hayo mawili hayakai nyumba moja kwa urahisi. Aprili yote wakawa juu ya barafu ya ziwa, baba na binti, wakifungua na kufunga. Ravna mwenyewe alivisugua vizito kwa tupa, kidogo kidogo, kisha akachora mistari ya wino wa buluu usoni mwa puli. Mkanda ukipanda hufuta wino, na pale wino unapobakia ndipo ujue mkanda haukufika.

"Baba, bado inajikwaa."

"Haijikwai. Wewe ndiye mwepesi kama unyoya."

"Basi itengenezee unyoya, ndiyo kazi yako!"

Waliupata mpangilio huo theluji ikiwa imeanza kulowa. Skuta iliondoka kama mtu anayetoka chumba cha mtoto aliyelala. Ravna aliizungusha ziwani akipiga vigelegele, akarudi mashavu mekundu. Siku chache zilizobaki akaiendea kwa majike kila alfajiri, na ya mwisho akairudisha ziwani, akafungua kifuniko na kuchora mistari mipya. "Tutaanzia hapa theluji ikirudi," alisema. "Nataka nione milimani itakuwaje." Wakaifunika turubai.

Theluji haikumkuta. Mwezi wa Oktoba, zizini, watu wakitenganisha mifugo, Ravna aliachia kamba aliyokuwa ameishika, akajishika kichwa na kusema, "Issat, kichwa changu." Akaketi matopeni, kisha akalala. Helikopta ilikuja, lakini mshipa ulikuwa umeshapasuka ubongoni. Hakufika hospitali akiwa hai.

Heaika alifunga karakana. Watu walikuja wakakuta mlango una kufuli, wakaelewa, wakapeleka skuta zao kwingine. Mkewe Kadja alimpikia nyama ya kuchemsha na supu ya mifupa, akala kidogo mno. Kadja alikuwa amezoea kumwita Baba Ravna, na sasa kila akiliita jina hilo, Heaika aliondoka chumbani.

Machi ilipoanza kuisha, aliisikia skuta ikipanda kutoka mtoni. Aliujua mlio ule kabla hajaufikiria. Alisimama ghafla hata kikombe kikaanguka, akatoka nje na soksi tu miguuni. Aliyekuwa juu ya skuta ni Issat, mkwewe, jitu la mtu, ndevu zimeganda barafu, na chini ya kifuniko kulikuwa kunatoka moshi wa mpira ulioungua.

"Nani kakuruhusu?" Heaika aliuliza.

"Shikamoo, baba."

"Nimekuuliza, nani kakuruhusu kuigusa?"

Issat alizima injini. "Yangu imekufa, piston imeshika. Nimefungua turubai nikachukua hii. Lakini nikifunga mkokoteni wa mizigo nyuma, kilima kidogo tu mkanda unaungua."

"Ulitegemea nini? Hiyo haikutengenezwa kubeba gunia la viazi kama wewe!"

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kwako."

"Nenda kanunue nyingine."

"Baba, majike hawangoji. Wameshaanza kuelekeza pua pwani. Nisipowapeleka wakazalia huku juu, ndama watakufa. Na nusu ya majike wale ni wa Ravna. Alama yake iko masikioni mwao."

"Usinitajie."

"Nisimtaje mke wangu?"

Kadja alikuwa ametokeza mlangoni na birika la kahawa mkononi. Aliwatazama wanaume wale wawili waliokuwa wakipumua kama mafahali.

"Baba Ravna," alisema.

"Nimekwambia usiniite hivyo."

"Basi nikuite nani? Sina jina jingine la kukuita. Mtengenezee mtoto wa watu skuta aondoke. Ravna akirudi akikuta umewaacha kulungu wake..." Mdomo ulikuwa umetangulia akili.

"Harudi, Kadja," Heaika alisema kwa sauti ndogo.

Kadja aliweka birika juu ya theluji na kujifunika uso kwa aproni. Baadaye kidogo Heaika aliingia ndani, akavaa viatu, akatoka na ufunguo wa karakana.

Walipofungua kifuniko cha klachi, mistari ya buluu ilikuwepo. Chini ilikuwa imefutika, pale mkanda ulipohangaika na uzito wa Issat, lakini sehemu ya juu ilikuwa safi kama ilivyochorwa. Mstari mmoja ulikuwa umepinda kidogo. Heaika alikumbuka kwamba wakati akiuchora, Ravna alikuwa akimcheka jirani aliyeteleza ziwani.

Huwezi kurekebisha klachi kwenye puli chafu. Lazima uifute kwa spiriti, uchore upya, ndipo uone kazi yako. Heaika alilowesha kitambaa, akakishika, akasimama. Spiriti ilianza kukauka.

"Nipe nifute mimi, baba," Issat alisema.

"Toa mikono yako. Imejaa mafuta."

Akafuta mwenyewe. Alifuta polepole, akikizungusha kitambaa upande ulio safi, mpaka chuma kikang'aa na kitambaa kikawa cha buluu.

Baada ya hapo mikono ilijua kazi. Mtu mkubwa na mkokoteni nyuma yake anataka vizito vyepesi zaidi, injini ipate kupumua, na springi ngumu kwenye puli ya nyuma ili mkanda usiteleze mlimani. Alivitoa vile vya Ravna, akavitia katika kopo la bati pamoja na vizito vingine vya zamani, akafunga vipya. Issat alipopanda kilima mara ya kwanza injini ilipiga mayowe bila kwenda; uzani ulikuwa umepungua mno. Heaika akabadilisha. Mara ya pili ilikwenda lakini kwa uzito. Akabadilisha springi ya mbele, akaweka iliyo ngumu.

Mara ya tatu skuta iliondoka kwa kishindo, ikauvuta mkokoteni wa kuni kilima chote kama haukuwepo. Huko juu ikazimwa. Heaika alingoja isikike tena. Haikusikika. Akapanda kwa miguu, theluji ikimfika magotini, akamkuta Issat ameketi ameinamia usukani.

"Vipi? Imekata?"

"Haijakata."

"Sasa?"

Issat alijifuta pua kwa mkono wa koti. "Asubuhi Ravna alikuwa akiondoka nayo mimi nimelala. Ilikuwa haiamshi mtu. Nilikuwa nikiamka nikakuta kitanda kitupu, nikamkasirikia kwa nini hajaniaga." Akavuta pumzi. "Sasa inaruka kama za watu wote."

Heaika aligusa puli kwa kiganja. Ilikuwa na joto la kawaida, haichomi. Kazi ilikuwa imetoka vizuri, huenda vizuri kuliko zote alizofanya mwaka ule na uliotangulia, na alitamani ingekuwa imeharibika.

"Ukitaka nitarudisha ilivyokuwa," alisema.

"Ukirudisha, kulungu hawafiki."

"Ndiyo. Hawafiki."

Kiti cha skuta ni kirefu. Heaika aliketi nyuma ya mkwewe, mgongo kwa mgongo, na mzee yule ambaye hata kaburini hakutoa chozi alilia kwa sauti, akipiga goti lake kwa ngumi. Issat hakugeuka. Aliegemeza mgongo wake mpana kwa nyuma tu, mzee apate pa kulalia.

Kulungu walifika pwani kabla ya kuzaa. Issat alipiga simu kusema ndama ni wengi na skuta haikumsumbua hata siku moja. Kadja alizungumza naye kwa muda, Heaika akasema, "Vizuri, vizuri," akarudisha simu.

Vuli ilipoingia alifungua karakana tena. Mteja mmoja alitaka vizito vya uzani fulani, na Heaika akapandisha mkono rafuni kushusha kopo. Likamponyoka. Vizito vilitawanyika sakafuni, hadi chini ya meza. Alipiga magoti kuvikusanya, akili yake ikiwa imeshatangulia kwa vile vya Ravna, kwa sababu alijua angeutambua mkwaruzo wa tupa yake popote. Aliokota kimoja, akakigeuza kwenye mwanga. Kimesuguliwa. Akaokota kingine, nacho kimesuguliwa. Vyote vilikuwa vimesuguliwa, na yeye mwenyewe au na mwingine, miaka yote ile. Alivitafuta mpaka mteja akaaga kwa aibu akaondoka.

Kadja alimkuta bado yuko sakafuni.

"Umepoteza nini?"

"Vyake. Nilivichanganya na vingine. Nilidhani nitavijua."

Kadja hakumwambia kuwa si kitu. Alipiga magoti karibu naye, wakaviokota vyote, kimoja kimoja, wakavirudisha koponi. Heaika aliendelea na ufundi miaka mingine mingi, na klachi zake zilisifiwa hadi upande wa Finland. Lakini kila mteja aliagiziwa vizito vipya. Kutoka kopo lile hakumfungia mtu tena hata kimoja.