Nyumba Isiyo na Moshi

Niliporudi nyumbani Nambis nilikuwa na miaka hamsini na miwili, begi moja la nguo, na kifua kinachopiga mluzi. Mluzi huo niliupata kwenye mashamba ya ngano upande wa Basotu, ambako niliendesha mashine ya kuvuna kwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kukiri. Mashine zile za zamani hazikuwa na vioo. Ukivuna ngano, unavuna na vumbi lake, na ngano inakwenda ghalani lakini vumbi linabaki na wewe. Wenzangu walizoea kunitania nikikohoa. Mke wangu tulishaachana zamani, watoto wako mjini na shughuli zao, kwa hiyo kazi ilipoisha sikuwa na pa kwenda isipokuwa kwa mama.

Daktari niliyemwona hospitalini Mbulu alikuwa kijana mpole, aliyeniamkia kabla hajanigusa. Alisikiliza kifua changu mbele na nyuma, akanipa dawa ya kuvuta kwa mdomo, kisha akaniuliza, "Mzee, nyumbani mnapikia wapi?"

Nikamwambia tunapikia ndani, kama watu wote.

"Na wewe unalala humohumo?"

"Humohumo."

Akaniambia waziwazi kwamba dawa ile haitashindana na moshi wa kila siku. Nikiendelea kulala kwenye moshi, siku moja nitaanguka nikiwa nayo mkononi. Nilitoka pale nimekasirika, kana kwamba yeye ndiye aliyewasha huo moto. Lakini niliogopa pia, na sioni aibu kulisema.

Kwetu kupikia ndani si uzembe. Baridi ya huku juu haina mzaha. Nyumba ya mama ni ya matofali, ina bati, na chumba cha mbele kilikuwa na mafiga matatu katikati. Juu ya mafiga palikuwa na dari ya miti iliyobeba mahindi na mafungu ya vitunguu swaumu, vyote vyeusi kwa masizi. Nyuma ya ukuta mfupi walilala mbuzi wanne. Dirisha lilikuwepo moja, dogo, na mama aliliziba kwa gunia tangu baba alipofariki, kwa sababu upepo ulikuwa unaingilia upande aliokuwa akilala baba.

Moto wa mama haukuzimika. Kabla ya kulala aliufukia kwenye majivu, asubuhi akaufukua. Na kila asubuhi walikuja majirani watatu, wajane kama yeye, kila mmoja na kigae cha chungu mkononi, kuomba kaa la moto. Viberiti vipo dukani, na wajukuu wao wanatembea na vya gesi mifukoni. Lakini wao walikuja na vigae vyao, wakakaa kuzunguka mafiga mpaka jua likapanda, wakiulizana nani hakulala vizuri na ng'ombe wa nani amezaa. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni umaskini. Nikiwa na miaka hamsini na miwili bado nilidhani ni umaskini, na kosa langu lilianzia hapo.

Nilirudi wakati wa kiangazi, ule upepo wa mwezi wa tisa unapopeperusha udongo wa mashamba mpaka kwenye sahani. Nikaanza kazi. Nilitoa lile gunia dirishani, nikaweka wavu na kioo, nikatoboa na madirisha mengine vyumbani. Nikatoboa matundu chini ya paa, pande mbili, ili hewa iingie huku na kutokea kule. Mbuzi niliwajengea banda. Nilimkataza mama kufagia pakavu, nikamwonyesha kunyunyiza maji kwanza na kupitisha kitambaa kibichi. Alinitazama jinsi mtu anavyomtazama mgeni anayemfundisha njia ya kisimani, lakini akafanya. Usiku nilikuwa napiga mluzi mdogo kuliko zamani, na asubuhi aliniuliza, "Umelala?" Nikisema nimelala, uso wake unafunguka.

Mvua za kwanza ziliponyesha nikaenda Mbulu, nikarudi kwa bodaboda nimekumbatia mtungi wa gesi. Nikatoa mafiga nje, moja baada ya jingine. Mama alisimama mlangoni.

"Na moto?" akauliza. Tulikuwa tunaongea lugha yetu, na kwa lugha yetu neno hilo alilisema taratibu sana.

"Moto upo, mama. Unageuza hapa."

Aligeuza, ukawaka, akazima. Alijifunza kwa siku moja. Ni mimi niliyeona hilo kuwa jambo la kufurahia.

Kesho yake asubuhi akaja jirani mkubwa kuliko wote, na kigae chake.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuomba moto."

Nilikuwa nimejiandaa. Nilishanunua viberiti vitatu, nikampa kimoja, nikamweleza kwamba moto wetu siku hizi haubebeki, lakini asiwe na wasiwasi, hatahangaika tena na baridi ya asubuhi. Alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akageuka. Sikutaka wale wengine wapate taabu ya kuja, kwa hiyo viwili vilivyobaki nikawapelekea mwenyewe hukohuko kwao. Nao walipokea kwa mikono miwili. Nikarudi najiona mtu wa maana kabisa.

Hawakuja tena.

Sikutambua mapema. Nilikuwa na shughuli ya kupumua. Mtu ambaye hajawahi kukosa pumzi hawezi kujua ulevi wake inaporudi. Nilipanda mlima wa kwenda kwenye maji bila kusimama, nikashuka, nikapanda tena kwa sababu tu niliweza. Masika yalipoingia sawasawa nikapata adui mwingine. Ukuta wa chumbani ukaota kuvu la kijani, na mahindi ya darini, ambayo moshi ulikuwa unayalinda, yakaingiwa na wadudu wa dumuzi. Nikayatoa mahindi, nikayapeleka stoo ya nje ili dawa ya unga isinuke ndani. Nikakwangua kuvu, nikapaka chokaa. Kila kulipoanuka, hata nusu saa, nilifungua madirisha na mlango na kutoa blanketi zote kwenye kamba. Nyumba ikawa inanuka chokaa na hewa ya mvua. Niliipenda harufu hiyo.

Mama alikuwa anakaa kwenye kiti karibu na mlango, shuka mabegani, anatazama njia. Chumba cha mbele kilikuwa kikubwa sana bila mafiga. Viti vilipangwa ukutani, hakuna kinachotazamana na kingine. Tulikuwa tunakula kimya, na kwa muda nilidhani ni uzee.

"Unamsubiri nani?" nikamuuliza siku moja.

"Nasubiri mvua ikatike."

Mvua ilikatika, akaendelea kukaa palepale. Nilimletea redio, akaisikiliza kwa adabu. Nilimpigia mjukuu wake simu ili waongee, wakaongea dakika mbili, wakamaliza. Siku alipoacha nusu ya chakula chake, nikakaa mbele yake nikamwambia sitaondoka mpaka aniambie anaumwa wapi.

"Siumwi," akasema. "Uliwapa viberiti."

"Ndiyo, mama. Niliwasaidia."

"Umewapa moto wa kukaa nao kwao. Sasa waje kwangu kufanya nini?"

Nilitaka kubishana. Nilitaka kusema njia ipo wazi, mlango upo wazi, madirisha pia, mtu akitaka kuja aje tu. Lakini nilimjua mama, na niliwajua wale wanawake. Hawaendi nyumba ya mtu bila neno la kuwapeleka. Mwenzao anayekosa kitu ndiye wanayemtembelea, au mwenye kitu wanachokosa wao. Mimi nilikuwa nimehakikisha pande zote mbili hakuna anayekosa. Nilijisikia mpumbavu, tena mpumbavu wa kukomaa.

Nilikwenda kuomba radhi. Safari hii sikubeba kitu chochote, nilishajifunza. Nilianza kwa yule mkubwa. Aliitikia shikamoo yangu, akanipa kigoda, akaniacha nimalize maneno yote niliyokuwa nimeyapanga njiani. Kisha akanyoosha mkono juu ya kabati la vyombo, akatoa kiberiti changu. Hakikuwa kimefunguliwa.

"Ulitufukuza kwa adabu," akasema. "Hata kugomba tukashindwa."

"Nisamehe, mama. Nilikuwa naogopa kufa."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Alikirudisha kiberiti juu ya kabati.

"Na kifua chako sasa?"

"Kinapumua."

"Basi sisi tukija, tutakaa wapi? Hatuwezi kukaa kwenye moshi tukakuua, na hatuwezi kukaa kuzunguka mtungi."

Huyo ndiye aliyenipa wazo la jiko la nje, ingawa nilipolifikisha nyumbani nililisema kama langu. Nilitafuta fundi, tukafyatua matofali mvua zilipopungua, na kufikia mwezi wa tano jiko lilikuwa limesimama hatua kumi na tano kutoka mlango wa nyumba, upande ambao upepo unachukua moshi kwenda bondeni. Nililiwekea dirisha pana na bomba la bati la kutolea moshi. Nilikuwa nafikiria mapafu ya mama pia. Sikuwa mtu mbaya kiasi hicho. Mafiga niliyarudisha mwenyewe, akanielekeza kila moja lielekee wapi.

Siku ya kwanza walikuja wote watatu na vigae. Nilikuwa nyumbani, nimekaa kwenye kile kiti cha mlangoni. Nikasikia mama anacheka. Tangu nirudi kutoka Basotu sikuwa nimesikia kicheko hicho, cha kuanza chini na kukwama katikati, na nilifurahi mpaka nikasimama. Nikavuka ua, nikainama kuingia, nikakaa nao. Walinisogezea nafasi. Mmoja alikuwa ameanza kunieleza habari ya ndama wake kifua kiliponibana. Mama ndiye aliyenishika bega, akanitoa nje, akanisimamisha kwenye upepo mpaka nilipovuta dawa yangu mara mbili. Halafu akarudi ndani, na baada ya muda mazungumzo yakaendelea.

Mwezi wa sita baridi iliposhuka na ukungu ukawa unakaa mpaka saa nne, mama akahamisha kitanda chake. Hakuniomba. Nilitoka shamba nikakuta chumba chake kitupu na godoro liko jikoni, kando ya moto.

"Ndani kwako kuna baridi," akaniambia.

Kwako. Nyumba aliyojenga na baba, aliyozalia watoto ndani yake, ilikuwa imekuwa kwangu bila mtu yeyote kukohoa. Nilimwambia nitaziba matundu ya juu, nitapunguza dirisha. Akasema nisiguse, hewa ile ni dawa yangu. Nikamwambia basi walau aache dirisha la jikoni wazi. Akaitikia. Asubuhi yake nikakuta dirisha limezibwa kwa shuka la zamani, na bomba la moshi limejazwa gunia ili joto lisipotee. Nikaliondoa gunia. Jioni likawa limerudi. Tulishindana hivyo wiki nzima, mimi na mama, bila kuutaja moshi hata mara moja, na aliyeshinda ni yeye.

Nilikwenda Mbulu kwa daktari wangu. Alisikiliza mbele na nyuma, akasikiliza tena, akatabasamu. Alisema kifua kimekuwa chepesi na akataka kujua nimefanya nini, ili awaambie wengine. Nikamweleza yote, gesi, madirisha, matundu, jiko la nje. Alifurahi sana.

"Na mama hajambo?" akauliza.

"Hajambo," nikasema, nikachukua kadi yangu.

Sasa naamka mapema kuliko zamani, kwa sababu mtu anayepumua vizuri usingizi wake unatosha haraka. Chumba ni safi. Kuta nyeupe, hakuna kuvu, hakuna vumbi, naweza kusikia maji yakichemka kwenye gesi. Ninakunywa chai peke yangu. Upande wa pili wa ua wale watatu hawajafika bado, na ndipo ninapomsikia mama akikohoa. Mwanzoni ilikuwa mara moja moja. Siku hizi anakohoa mfululizo, anatulia, anaanza tena, na mwishoni kuna mluzi mdogo ambao ninaujua mimi kuliko daktari yeyote.

Jana nilivuka ua, nikasimama mlangoni kwake nimeziba pua na mdomo kwa kola ya koti. Alikuwa anafukua moto kwenye majivu. Nikamwambia, "Mama, rudi ndani. Nakuomba. Nitaishi jikoni mimi, au niende Katesh nikapange chumba, popote. Wewe rudi kwenye hewa."

Hakuinua kichwa. Alipuliza makaa mpaka yakashika, akakohoa, akafuta macho kwa kanga.

"Wewe pumua, baba," akasema. "Mimi nimeshapumua vya kutosha. Sasa nataka watu."

Kisha akaniambia nisogee kando ya mlango, wenzake wanakuja. Nikasogea.