Treni ya Bububu Imepita Chumbani Mpendae

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Kumekucha na manyunyu, halafu jua likatoka, halafu manyunyu tena huku jua linawaka, na upepo wa kipupwe unapiga mabati ya jirani. Mke wangu kaanua nguo mara mbili na kuzianika mara tatu. Nayaandika haya kwa sababu mwenzangu, fundi saa, aliniambia kuwa anayeweka kumbukumbu za reli lazima aandike na hali ya hewa, maana chuma hutanuka na kusinyaa. Reli yangu mie ni ya mfano, inaenea juu ya meza moja tu, sijui itatanuka kiasi gani. Lakini nimeandika.

Mimi ni fundi cherehani. Shule niliishia darasa la saba, na hesabu zilikuwa zinanipiga chenga, kwa hiyo mambo ya historia nitakayoyataja hapa yapokewe kwa tahadhari. Ninachokijua ni kuwa hapa Unguja zamani ilikuwapo treni ya moshi. Ilianzia karibu na Ngome Kongwe, ikapenya mjini katikati ya nyumba za mawe, ikaenda mpaka Bububu. Iling'olewa kabla hata baba yangu hajazaliwa. Wapo wanaosema watu waliipenda, wapo wanaosema iliwachosha kwa moshi na cheche. Sikuwapo, siwezi kumtetea yeyote.

Ugonjwa huu wa treni kaniambukiza huyo fundi saa, ambaye duka lake linatazamana na cherehani yangu, uchochoroni nyuma ya Darajani. Ni Mhindu, kanizidi umri kidogo, na maisha yake yote anafungua saa za watu kwa lenzi jichoni. Siku moja kanionesha postikadi ya babu yake: treni imo ndani ya uchochoro, na bwana mmoja wa kanzu kajibana ukutani juu ya baraza, tumbo kalivuta ndani. Nilicheka mpaka sindano ikanichoma. Kutoka siku hiyo hatukutulia tena. Jumapili tunakwenda kwa miguu njia ya Bububu kutafuta alama. Tumeshagombana nusu siku juu ya jiwe moja. Yeye anasema ni la daraja la reli. Mimi nasema sijui, na mpaka leo bado nasema sijui.

Mwaka jana nilipanda boti mpaka Dar es Salaam kwa ajili tu ya kuipanda ile treni mpya ya umeme. Abiria wa pembeni yangu akaniuliza, "Mzee, Morogoro unakwenda kufanya nini?"

Nikamwambia, "Kurudi."

Akauhamishia mfuko wake upande wa pili. Simlaumu. Hata mie ningeuhamisha.

Basi mpwa wake fundi saa, anayekaa Uingereza, alimletea sanduku la reli ndogo, magurudumu na mota yake. Bati la biskuti tukalikata tukatengeneza kichwa cha treni. Mabehewa tukayafanya ya wazi pembeni, kama kwenye postikadi, na mapazia nikayashona mie kwa kitambaa kilichobaki kwenye kanzu za sikukuu. Nyumba ni za maboksi yaliyopakwa jasi. Mabaraza nimeyapima kwa futi yangu ya kushonea, na kati ya baraza na behewa nikaacha nafasi ya kupumua kama ninavyoacha kwapani mwa kanzu. Sijui mafundi wa treni wanaachaje. Mie ndivyo ninavyojua.

Yote hayo yalikuwa katika chumba chetu cha wageni, nyumbani Mpendae, na hapo ndipo palipokuwa na mgogoro. Dada yake mke wangu, mkubwa wake, anatoka Kizimkazi kuja kutibiwa macho mjini, na atakaa kwetu miezi mitatu. Kitanda cha wageni nilikuwa nimekifungua, nimekisimamisha ukumbini, na mke wangu kila akipita anakigonga kwa kiwiko makusudi ili nisikie.

Wiki iliyopita tukafanya mkataba. Kwa kweli mkataba kaufanya yeye, mie nikauitikia.

"Miezi minane unaniambia kesho itakwenda," akasema. "Kila nikiingia naikuta imeanguka, na nyie wawili mmelala kifudifudi mnaipigia tochi. Sasa sikiliza. Siku anayofika dada, treni yako izunguke mara tatu, bila ya kuguswa na mkono wa mtu. Ikizunguka, chumba chako, na dada nitamtafutia pengine. Isipozunguka, meza inatoka, kitanda kinaingia, na treni unaipeleka dukani ikalale na vitambaa."

Dukani kwangu hapaingii hata kiti cha pili. Kuipeleka dukani ni kuivunja. Yeye alilijua hilo na mie nililijua. Lakini lazima niseme ukweli: alikuwa na haki. Mgonjwa hawezi kulala chini kwa sababu ya bati la biskuti.

Jana jioni, kesho yake dada anafika, tuliijaribu. Ikazunguka mara kumi na moja, haikusita hata mara moja. Fundi saa alinikumbatia, mtu ambaye hajawahi kunikumbatia hata siku ya Idi. Usiku nilikuwa nalala naamka, nalala naamka, nacheka peke yangu, mpaka mke wangu akanigeuzia mgongo.

Leo asubuhi nilikwenda Darajani kununua mafuta ya cherehani ya kulainishia magurudumu. Niliporudi nikamkuta mke wangu kasimama mlangoni mwa chumba, mikono nyuma, uso wa mtu aliyeficha kitu.

"Usinikasirikie," akasema. "Nimekutilia watu."

Kumbe siku zile aliponiambia anakanda unga wa mkate alikuwa anakanda unga na chumvi, anafinyanga watu, anawaanika juu ya paa. Kawapaka rangi. Walikuwapo tisa. Muuza kahawa na dele lake la kumiminia. Mama wa buibui yuko dirishani. Wazee wawili wanacheza bao, na bao lenyewe si kubwa kuliko ukucha. Mtaa mzima wa maboksi ulikuwa umepata roho. Nilishikwa na furaha mpaka nikasahau kila kitu, nikawa nasema, "Loo! Loo!" kama mtu aliyeishiwa na maneno. Na hapo ndipo nilipokosea. Fundi aliyeongeza kitu kwenye nguo anapima upya. Mie sikupima, nikamimina mafuta tu.

Fundi saa akafika na kisanduku chake cha bisibisi. Hata hajavua viatu, mlangoni pakapigwa hodi. Dada kaja mapema, kapata gari ya moja kwa moja, na kikapu cha pweza mkononi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, shemeji. Hujambo? Mbona unatweta?"

"Sijambo. Ni furaha."

"Ya kuniona mie?"

Mke wangu akanijibia: "Ya treni. Weye ni wa pili."

Dada akacheka, akaketi kwenye kiti kilichowekwa mbele ya meza. Mke wangu akasimama katikati ya chumba kama hakimu. "Mara tatu," akasema. "Mkono wa mtu usiguse. Haya, washa."

Nikawasha. Kichwa kikaguna, kikavuta, mabehewa matatu nyuma na mapazia yangu yanapepea. Ikapita Ngome yetu ya boksi, ikakata kona, ikaingia mtaani. Mara, taki! Ikasimama. Magurudumu yanazunguka, yanalia, treni haiendi. Fundi saa akanyoosha kidole.

"Mkono!" mke wangu akapiga kelele.

Kidole kikarudi haraka kama kimeungua.

"Ni mafuta," fundi saa akasema. "Umeyamwaga mno, fundi. Reli imekuwa sambusa."

Ilikuwa kweli, nilizidisha mafuta. Mke wangu akaturuhusu tufute reli, akasema kufuta si kusukuma. Tukaifuta kwa kitambaa, tukairudisha mwanzo. Nikawasha tena. Ngome, kona, mtaa, taki! Pale pale.

Miezi minane nikaiona yote imelundikwa juu ya kitanda ukumbini. Nikazima swichi, nikasema, "Nshashindwa. Mkataba ni mkataba. Tuitoe meza."

"Hujashindwa!" fundi saa akaruka. "Jana imezunguka mara kumi na moja! Shemeji, mie shahidi!"

"Jana si leo," mke wangu akasema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu. Nadhani naye alikuwa anataka ipite. Siwezi kuapa.

Tukiwa tunabishana, dada akainuka. Macho yake hayaoni kitu mpaka akisogelee, basi akainama juu ya meza mpaka pua ikakaribia kugusa paa la nyumba. Akaufuata mtaa hivyo hivyo, mlango kwa mlango, taratibu, kama anatafuta sindano.

"Hebu njooni," akasema. "Huyu bwana wa kwenye baraza, mbona kanyoosha miguu njiani?"

Tukainama sote. Kweli. Bwana mnene wa kofia kaegemea ukuta, miguu kainyoosha moja kwa moja mpaka karibu na reli, na ngazi ya behewa la kwanza imenasa unyayoni mwake. Kichwa cha treni ni chembamba, kinapita. Behewa halipiti.

"Ni nani anayekaa namna hiyo?" nikauliza. "Mtu gani anafunga njia ya watu?"

Mke wangu akatia upindo wa kanga mdomoni. Mabega yakaanza kumtikisika. Akaushika mlango.

"Ni weye," akasema.

"Mie?"

"Si ndivyo unavyokaa! Kila alasiri hapo nje, watu wanakuruka kama mtaro! Nimekufinyanga weye, hata tumbo nimelipunguza kwa heshima!"

Fundi saa alikaa chini sakafuni. Alicheka bila sauti, machozi yanamtoka, anajipiga gotini. Dada akamtazama yule bwana wa unga, akanitazama mie kwa karibu, akamtazama tena yule wa unga. "Wallahi kapatia," akasema. "Mpaka kidevu."

Nami nikacheka. Ningefanyaje? Treni yangu nimeizuia mwenyewe kwa miguu yangu mwenyewe.

Fundi saa akataka bwana yule aondolewe. Mke wangu akakataa katakata: hatolewi mtu aliyekwisha kaa barazani kwake. Kumkunja nako hakukuwezekana, kakauka kama kaki. Mwisho fundi saa akatoa kimsumeno chake cha kukatia vishikizo vya saa, akatia lenzi jichoni, akaniomba radhi, akanikata miguu yote miwili kwenye magoti. Nilihisi kitu magotini, sitanii.

Nikawasha. Ngome, kona, mtaa. Behewa la kwanza likapita, la pili, la tatu, pazia likampangusa kofia. Mke wangu akaanza kupiga honi kwa mdomo. Mara ya pili. Fundi saa yuko sakafuni anahesabu kwa Kigujarati. Mara ya tatu ikapita, na dada akaachia kigelegele kilichomfanya jirani aulize dirishani kuna harusi ya nani.

"Ya treni!" mke wangu akamjibu.

Hapo nilikuwa na nafasi ya kunyamaza, na sikunyamaza. Nikasema haki ni haki. Mkataba ulikuwa siku anayofika dada, na dada kafika, na treni imeshindwa mara mbili mbele ya macho yake. Hii ya tatu ilikuja baada ya mtu kukatwa miguu.

"Fundi," akasema fundi saa, "weye ungekuwa wakili, wateja wako wote wangekuwa jela."

"Na mie je?" mke wangu akadakia. "Mkatabani hakukuwa na watu. Watu nimewatia mie. Hakimu hatii jiwe uwanjani. Kosa langu."

"Lakini sikupima."

"Lakini sikukwambia."

"Nyamazeni," dada akasema. Kavua viatu, kakaa kwenye kiti kama mwenye nyumba. "Kitanda ni cha nani?"

Tukasema ni chake.

"Basi mie sikitaki. Kimejaa vumbi, na huko ukumbini nimeshakigonga na goti. Nitalala na mdogo wangu kitandani kwake. Tuna miaka hatujalala chumba kimoja tukasengenya watu. Shemeji na treni yake walale humu. Kama anaipenda kweli, ataipenda na usiku."

Mke wangu akasema sawa kabla sijafungua mdomo. Kasema haraka mno, nikashindwa kujua kama nifurahi au nihuzunike.

Kwa hiyo chumba nimekipata. Kitanda changu nimekipoteza kwa miezi mitatu. Nimetandika mkeka na godoro jembamba chini ya meza, na mto nimeuweka upande wa Bububu. Fundi saa anasema nimeshinda, mke wangu anasema ameshinda, dada anasema hakuna aliyeshindana naye. Nimekaa na daftari muda mrefu nikitaka kuandika nani yuko sawa, na kila nikipima naona kila mmoja ana sehemu yake. Huenda mwenye elimu zaidi angeweza kuhukumu.

Usiku tumekula pweza wa dada, kapikwa kwa nazi mpaka kalainika, kwa wali na achari ya embe. Fundi saa, ambaye hali samaki, kapikiwa mchicha na mhogo wa nazi kwenye sufuria yake mbali, akamaliza sufuria nzima.