Banda Jekundu la Wendell Stroud

Arlys Brekke aliendesha basi la shule kwa miaka ishirini na saba katika barabara zile zile za vumbi huko Montana, na miaka yote hiyo alikuwa akitazama mabanda ya watu. Alijua lipi limeinama, zizi gani limebaki nguzo tupu, na jua la asubuhi huanza kugusa mbao za nani. Alipostaafu alinunua kamera, stendi ya miguu mitatu na pedi za magoti.

Hakuwa na mwalimu. Miaka miwili ya kwanza alipiga picha za milima mitupu, na kila mara ikatoka midogo kama vichuguu. Kisha siku moja alirudi nyuma hatua kumi, akapiga magoti, akaacha mlango uliong'oka wa zizi fulani uingie mbele ya picha, karibu kabisa, hata kutu ya misumari ikaonekana. Milima iliyokuwa nyuma ikainuka palepale. Tangu hapo hakupiga mlima bila kuweka kitu cha ranchi mbele yake.

Banda alilolipenda kuliko yote lilikuwa la Wendell Stroud, mfugaji mjane aliyeishi maili nne kutoka kwake. Mbao zake zilikuwa zimepauka rangi ya majivu, paa limebonyea katikati. Alilipiga Oktoba, akiwa barabarani: ua ulioanguka ulianzia kona ya chini ya picha, ukalivuta jicho hadi bandani, kisha hadi kwenye theluji ya kwanza mlimani. Kiangazi kilichofuata picha ile ilipata utepe wa buluu, wa mshindi wa kwanza, kwenye maonyesho ya kaunti, na mkutubi akaitundika maktabani karibu na mlango.

Oktoba ilipofika tena, Arlys alirudi alfajiri kulipiga banda lile kwa mwanga mwingine. Alipita bila kuliona. Akageuza gari, akapita tena. Mahali pa banda lake palisimama banda jekundu, limenyooka kama askari, paa la bati jipya likimchoma macho. Alishuka na stendi yake, asijue aiweke wapi.

Wendell alitokea nyuma ya banda, mikono imejaa rangi.

"Umeliona?" akasema. "Haya, piga sasa."

"Wendell, umefanya nini?"

"Nilichopaswa kufanya miaka sita iliyopita. Si umenitangaza kaunti nzima?"

"Nimekutangaza? Mimi nilikusifu! Watu wanalipenda lile banda!"

"Wanalipenda! Kila nikiingia dukani, 'Wendell, tumeona banda lako.' Na meno nje."

"Wanatabasamu, mzee wewe!"

"Arlys, nimezaliwa hapa. Kucheka kwao nakujua."

Arlys alitaka kucheka, alitaka kukasirika, na kwa sababu ambayo hakuielewa alitaka pia kuomba radhi.

Wendell alifuta mikono kwenye suruali. Sauti yake ikashuka. "Lilibonyea mwaka ule Lavonne wangu alipougua. Theluji ilikaa juu ya paa wiki tatu, mimi niko naye hospitali. Baada ya hapo sikuwa na hamu ya kuligusa. Nawe ukaja ukaupiga picha mwaka wangu ule wa huzuni, wakaupa utepe."

"Sikujua."

"Ungejuaje? Hukuuliza." Akatazama banda lake. "Lakini kupendeza limependeza, au sivyo?"

"Limependeza," akasema Arlys, na hakujua kama amesema uongo.

Kwa kuwa alikuwa ameombwa, akapiga. Alijaribu chini, akajaribu kutoka upande wa kisima, akajaribu kulificha nusu nyuma ya ua. Kila mara wekundu ule ulisonga mbele ukaimeza milima. Wendell alisimama pembeni akiwa ameshika kofia, kama mtu anayengoja majibu ya daktari.

Mchana wa siku ile Arlys alikwenda maktabani, akaiteremsha picha yenye utepe. Mkutubi akalalamika, "Jamani, si watu wanaipenda?" Arlys akampelekea Wendell picha ile nyumbani kwake.

"Ichome ukitaka," akamwambia. "Au itundike. Mimi sijui tena."

Wendell aliivuta karibu na dirisha. Akaweka kidole kwenye kioo cha picha, pale mlango wa banda ulipokuwa.

"Ndoo ya Lavonne hii. Ya mayai. Ilikuwa bado imening'inia hapo msumarini." Akatazama nje dirishani. "Nimebomoa mlango ule Septemba. Nimeitupa wapi, Arlys? Nimeitupa wapi?"

Arlys alikuwa ameitazama picha ile mara mia, na ndoo aliiona kama doa jeusi lililosaidia kuisawazisha picha. Hakumwambia hivyo. Walitoka pamoja, wakapekua rundo la mbao zilizooza hadi vidole vikafa ganzi. Hawakuipata. Wendell alibaki na picha, ila hakuitundika. Aliiegemeza ukutani jikoni, akasema ataamua baadaye.

"Unanikasirikia?" Arlys alimwuliza mlangoni.

"Jana nilikuwa nimekasirika. Leo hata sielewi nina nini. Nenda nyumbani, mama, kuna baridi."

Wiki mbili kamera haikutoka kwenye mfuko wake. Siku ya kumi na tano aliendesha hadi ranchi moja ya upande wa kaskazini, ambako ghala kuukuu liliegemea upepo na jua lilikuwa limekaa vizuri. Kwanza alikwenda kugonga mlango wa nyumba, aulize habari za ghala. Akagonga tena. Hakuna aliyefungua, na mapazia hayakuwepo madirishani. Akarudi kwenye ghala, akapiga magoti kwenye nyasi zenye barafu na jicho kwenye kamera, kidole juu ya kitufe, akakaa hivyo bila kukibonyeza mpaka mwanga ukapita.