Nilivyotangazwa Kanisani

Niliacha kazi kwenye duka la uchapaji Makambako nikarudi Njombe kujitegemea, nibuni kadi za harusi na mabango kwa kompyuta yangu mwenyewe. Wateja hawakuja. Nilipochoka kuzunguka madukani nikijinadi, nikamwomba mzee wa kanisa anitangaze ibadani. Jumapili akasimama mbele, akasema kwa upole, “Kijana wetu aliacha kazi. Sasa yuko nyumbani tu na kompyuta. Tumkumbuke kwenye maombi.” Usharika mzima ukainamisha vichwa. Mama yangu alikuwa analia. Nami nikainamisha changu, ningefanya nini? Tulipotoka, baba mmoja wa kijiji cha Yakobi alinishika mkono kwa huruma, akaniuliza kama naweza kupalilia viazi. Nikamuuliza tunaanza lini.