Marikani au Kaniki kwa Dirisha la Raymundi

Ukitaka kumjua shemeji yangu Raymundi, usianze na sura yake. Sura yake ni ya kawaida tu, kama ya mtu yeyote wa kijijini Puge aliyekula viazi vya kutosha utotoni. Anza na usingizi wake. Wengine wanatafuta mali, wengine wanatafuta wake, Raymundi miaka yote ile ya Mwingereza alikuwa anatafuta usingizi, na hakuutafuta usiku kama watu wengine.

Alikuwa mtu wa reli. Kazi yake ilikuwa kusimama pale njia zinapoachana, nje kidogo ya stesheni ya Tabora, moja iende Kigoma na nyingine Mwanza, na kuvuta chuma kinachogeuza reli ili kila gari la moshi liende kwao. Chuma kimoja tu. Ukikivuta kwa wakati wake hakuna anayejua kama upo duniani. Ukikisahau, abiria wa Mwanza wanaamkia Urambo, na hao watakukumbuka mpaka wanaingia kaburini.

Zamu yake ilikuwa ya usiku, mwaka nenda mwaka rudi, kwa hiyo saa za kulala zilikuwa mchana. Reli ilimpa chumba kimoja kwenye kota: sakafu ya saruji, bati juu, mlango mmoja, na dirisha moja la kioo linalotazama mashariki, kana kwamba fundi aliyelipima alikuwa na ugomvi wake binafsi na watu wa zamu ya usiku.

Tatizo ni kwamba chumba hicho kilikuwa pia ofisi ya dada yangu Eustadia, mkewe. Eustadia alikuwa na cherehani ya mkono, akishona kanzu nyeupe za wanafunzi wa seminari ya Kipalapala. Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, jamani, jaribu siku moja uone. Bila mwanga unashona kidole. Mume anataka giza, mke anataka mwanga, dirisha moja. Binti yao Flavia walikuwa wamempeleka Puge kwa bibi yake, maana chumbani hapakuwa na nafasi ya mtu wa tatu mwenye maoni.

Zamani dirishani palining'inia gunia. Gunia lilikuwa na busara ya kumkera kila mtu sawasawa: lilimzuilia Eustadia mwanga na kumpitishia Raymundi vijishale vya jua usoni. Mchwa walipolimaliza, wote wawili walishukuru, wakaenda madukani Gongoni kununua pazia la kweli. Nami nikawafuata, kwa sababu nilikuwa nimeacha masomo yangu ya ualimu katikati na sikuwa na la kufanya.

Mwenye duka alikuwa mzee Hamoud, Mwarabu wa Tabora tangu babu wa babu yake, mtu wa kuuza nguo huku amefumba jicho moja.

"Shikamoo, mzee Hamoud."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba, binti. Sema."

"Nataka kitambaa cha dirisha," akasema Raymundi.

"Dirisha la kuingiza jua au la kulifukuza?"

Raymundi akasema kulifukuza. Eustadia akasema kuingiza. Walisema kwa pamoja, kama wanakwaya.

Mzee Hamoud akafumbua lile jicho la pili. Akatandaza marikani juu ya meza, nyeupe, nyepesi, ukiinyanyua unaona vidole upande wa pili. Akatandaza na kaniki, nyeusi ya kuelekea bluu, nzito, hata ukiishikilia mbele ya jua la saa sita huoni kitu.

"Babu yako alikuwa Mnyamwezi wa safari?" akauliza.

"Ndiyo, mzee. Alikwenda pwani mara nyingi."

"Basi babu yako alibeba robota la marikani na la kaniki toka Bagamoyo mpaka hapa, kwa miguu, na simba njiani. Wewe unashindwa kubeba kimoja toka hapa mpaka kota?"

"Babu hakuwa na mke anayeshona kanzu, mzee."

"Nunua vyote viwili basi. Chako kimoja, cha mkeo kimoja."

"Dirisha ni moja."

"Toboa jingine!"

"Nyumba ya serikali hiyo, mzee Hamoud. Hata msumari wa kutundikia kofia naomba ruhusa."

Mzee akaangalia dari, akarudi kufumba jicho lake. Eustadia akamwambia mumewe polepole, lakini sisi wote tukasikia, "Baba Flavia, ujira wako unatosha unga tu. Mboga, chumvi na nauli ya kwenda kumwona mtoto, vyote vinatoka kwenye kanzu." Wakanunua marikani.

Sijapata kuona chumba kikipendeza vile. Jua lilipita kwenye marikani likatoka upande wa ndani limepoa, jeupe kama maziwa, kila pembe inang'aa. Ungedhani umewekwa ndani ya yai. Eustadia alishona huku anaimba nyimbo za kanisani. Na ndani ya yai hilo, kitandani, alilala Raymundi macho wazi.

"Shemeji, hulali?" nikamuuliza siku moja.

"Nalala. Ila naona kila kitu."

"Jifunike shuka usoni."

"Nimejaribu. Nikijifunika nakosa pumzi, nikijifunua nakosa usingizi. Wewe uliyesoma, sema nifanye nini."

Nikamwambia mwalimu wa somo hilo tulikuwa bado hatujamfikia. Hakucheka, na ndipo nikajua mambo ni mazito, maana kwetu shemeji asipojibu utani, mwite daktari.

Yakatokea yaliyokuwa yanangojewa. Bwana mkubwa wa stesheni alimkuta Raymundi amekaa chini kando ya chuma chake, kidevu kimeangukia kifuani. Gari lilikuwa bado halijafika, kwa hiyo hakuna lililoharibika. Lakini alimwambia mbele ya wenzake, akiwemo Yoramu wa chumba cha jirani, muumini wa kanisa la Moraviani: nikikukuta tena umelala, siku hiyohiyo kazi hakuna na chumba hakuna.

Yoramu ndiye aliyetuletea habari, maana Raymundi mwenyewe aliirudisha tumboni. Eustadia aliisikiliza mpaka mwisho, akakunja kanzu aliyokuwa anashona, akapanda juu ya kigoda akashusha marikani kwa mikono yake. Akaenda Gongoni peke yake, akarudi na kaniki.

Ilipotundikwa, chumba kilizimika. Namaanisha hivyo: ulikuwa unaona kitanda, halafu huoni kitanda. Raymundi alijilaza, na kabla Eustadia hajatoka nje na cherehani yake tukasikia anakoroma. Dada yangu alisimama mlangoni akisikiliza mkoromo ule huku anatabasamu, ungesema ni wimbo wa harusi.

Sasa yeye akawa mtu wa nje. Alijaribu kushonea barazani, lakini kota za reli zina masizi kuliko jiko la kilabu cha pombe. Kila gari likipita, kanzu nyeupe inapata madoa. Padri wa Kipalapala alirudisha kanzu mbili, kwa upole sana, na upole wa padri unauma kuliko tusi. Basi Eustadia akajipangia utaratibu. Alitandika mkeka nje ya mlango, akakaa miguu amenyoosha, akaweka kanzu mapajani juu ya shuka safi. Ili nguo yake isichafuke akajifunga kipande cha kaniki kilichobaki, toka kifuani mpaka miguuni. Kichwani akafunga kitambaa kuzuia masizi. Mlango nyuma yake akaufunga, mumewe asije akaingiliwa na mwanga.

Mtazame vizuri alivyokaa. Mwanamke yuko chini kwenye mkeka, miguu mbele, amevaa kaniki, kichwa kimefungwa. Nyuma yake mlango umefungwa mchana kweupe na dirisha limefunikwa nguo nyeusi. Majirani walijua ni kwa nini. Shangazi yake Raymundi, Apolinaria, hakujua.

Shangazi Apolinaria alishuka kwenye lori toka Puge, kikapu cha karanga kichwani, anakuja kuwasalimu. Alipokata kona akamwona Eustadia, kikapu kikaanguka, karanga zikamwagika mpaka mtaroni, na yeye akashika kichwa akatoa kilio cha kwanza.

Kwetu mtu akilia humuulizi analilia nini. Unalia naye kwanza, jina la marehemu utalipata baadaye. Eustadia akamwona shangazi wa mumewe ametoka Puge anakuja analia, moyo ukampasuka: Flavia! Au bibi yake! Akatupa sindano, akamrukia shangazi shingoni, akalia kwa sauti kubwa kumzidi. Shangazi naye aliposikia mke analia vile, shaka yote ikamtoka: amefiwa na mume. Wakashikana hapo, kila mmoja anangoja mwenzake amalize kulia amwambie nani amekufa.

Wanawake wa kota wakatoka wanakimbia na mikono yenye unga. Wengine walikuja na kuni, maana msibani huji mikono mitupu. Yoramu alitoka na Biblia yake. Ndani ya giza lake Raymundi akaamka, akasikia mji mzima unalia mlangoni kwake, na sauti ya shangazi yake wa Puge juu ya zote.

Mlango ukafunguka. Raymundi akatokea amejifunga msuli, anapepesa macho, naye analia.

"Mama yangu!" akasema. "Ni mama?"

Shangazi Apolinaria akamwona. Hakupiga kelele. Alikaa chini taratibu juu ya karanga.

Ilichukua muda kupanga nani yuko hai. Tulipohesabu tukakuta ni wote: Flavia mzima, bibi mzima, Raymundi mzima. Watu wakacheka mpaka wakashikilia ukuta. Na mimi nilicheka, sikatai. Raymundi akafuta macho akasema, "Haya, asanteni jamani. Mimi narudi kulala."

"Ulale wapi?" akauliza shangazi.

"Ndani, shangazi. Usiku nina zamu."

Shangazi akasimama. "Watu wamekulilia wewe, halafu wewe urudi kulala kwenye kitanda kilekile, chumba kilekile cheusi? Unatafuta nini, mwanangu? Unataka kukitimiza kilio chao?"

"Shangazi, nina usingizi tu."

"Mtu aliyeliliwa akiwa hai halali mpaka jua lizame. Anakaa nje watu wamwone, kila aliyemlilia anampa mkono, wanakula pamoja. Babako alifanya hivyo. Unamzidi babako?"

Raymundi akamtazama mkewe. Eustadia akatazama chini. Ungemwambia nini shangazi wa mume aliyemwaga karanga zake zote kwa upendo? Raymundi akamtazama Yoramu, Yoramu akasema kwao Wamoraviani jambo hili halipo, lakini hawezi kuingilia mila za ukoo wa mtu. Akanitazama na mimi. Mimi nikaingia ndani kumletea kigoda.

Akakalishwa kwenye kigoda mbele ya mlango, uso umeelekea jua. Mstari wa watu ukapita. Habari za kifo zilikuwa zimekwishafika sokoni, wakaja na wa sokoni. Kila mmoja akampa mkono, akamtazama machoni kuhakikisha, akamwambia pole, halafu hongera. Kuni zilizoletwa kwa msiba wake zikapikia ugali wa uzima wake. Mara mbili kichwa kilimwangukia, mara mbili shangazi akamtikisa bega: "Raymundi! Watu wanakuangalia!"

Jua lilipozama akaruhusiwa. Ulikuwa ndio wakati wa kwenda kazini.

"Usiende," Eustadia akamwambia. "Waambie unaumwa."

"Mchana nilikuwa nimekufa, jioni naumwa? Watasema nawachezea, Mama Flavia."

Akaenda. Yoramu alituambia baadaye kwamba mwanzo alikuwa anatembea huku na huku, anajipiga makofi, anajimwagia maji ya chupa. Halafu akashika chuma chake kwa mikono miwili, akaegemea, akasimama hivyo. Gari la mizigo la Mwanza likaja, likakuta njia imeelekea Kigoma, likasimama. Likapiga honi. Likapiga tena, likapiga mpaka mbwa wa Gongoni wakaitikia. Mtu mmoja tu katika Tabora nzima hakuisikia, naye alikuwa ameshikilia chuma.

Hakuna aliyeumia. Bwana mkubwa hakugomba hata kidogo, alimwambia tu arudishe ufunguo wa chumba.

Eustadia alishusha kaniki na misumari yake. Ndani ya lori la kwenda Puge walikaa juu ya mizigo, cherehani katikati yao.

"Tungebaki na marikani," akasema Raymundi, "nisingelala, lakini wasingenililia."

"Tungeanza na kaniki tangu mwanzo," akasema Eustadia, "watu wangeizoea mapema."

"Shangazi angeizoea vipi, naye yuko Puge?"

Eustadia akaivuta cherehani karibu naye. Nilikuwa nimesimama chini nawashikia kamba, nikitafuta neno la kuwachekesha, na lori likaondoka sijalipata.

Niliwatembelea masika yaliyofuata. Kanzu hakuna tena, kutoka Puge mpaka Kipalapala nani atazibeba? Usiku, dada yangu aliniambia, Raymundi hapati usingizi hata kidogo. Mwili umekataa kusahau zamu. Anakaa kitako mpaka alfajiri, anasikiliza.

Nikawakuta shambani. Raymundi alikuwa ameanguka kati ya matuta ya karanga, jembe pembeni, jua la saa saba linampiga usoni na anakoroma. Eustadia alikuwa anapalilia tuta la karibu. Akaja akasimama mahali ambapo kivuli chake kilimwangukia mumewe machoni, akakaa hivyo kidogo, mikono juu ya mpini, ananiuliza habari za Tabora. Halafu akatazama magugu yaliyobaki, akainama, akasogea mbele na jembe lake, na jua likarudi usoni kwa Raymundi.