Kreti Yenye Msalaba Mwekundu

Kazi yangu ilikuwa kuwatembelea wakulima wadogo wa mishiri, yale maharagwe mabichi ya maganda, kule Yatta, kuwafundisha na kukagua mzigo wao kabla kampuni yetu haijauchukua kwenda ng'ambo. Somo langu kubwa lilikuwa moja: ukipuliza dawa ya wadudu, usichume mpaka siku saba ziishe. Nililirudia hadi wakaanza kunitania. Nikishuka tu kwenye pikipiki, utasikia, "Siku Saba amefika."

Alhamisi moja nilifungua daftari la mama mmoja, mjane, mkulima wangu bora kuliko wote. Alikuwa amepuliza Jumanne na kuchuma asubuhi hiyo. Wadudu walikuwa wamemzidi, akaogopa kukosa mzigo. Wala hakuficha, aliandika kila kitu vizuri, kama nilivyomfundisha. Nikachukua kalamu ya wino mzito, nikapiga msalaba mwekundu kwenye kreti zake zote sita.

"Hizi haziendi, mama."

"Sasa nizipeleke wapi, mwanangu?"

"Hiyo ni juu yako," nikamjibu. Nilikuwa na haraka ya kuwahi gari la kurudi Nairobi, basi.

Jumamosi nilikuwa nyumbani, mtaa wa Umoja. Mke wangu alikuwa amepika wali na mishiri, na binti yetu wa miaka minne alishamaliza sahani yake. Nikateremka kununua maziwa. Kwa mama mboga, pale chini ya ngazi zetu, nikaiona kreti. Msalaba wangu ulikuwa pale pale.

"Chukua, kastoma," akaniambia. "Hii ni ile ya kwenda ng'ambo. Mama watoto wako amebeba zake asubuhi."

Nilitaka kumwambia. Ningesema nini? Kwamba nilijua ina dawa, nikaiacha ijiendee kwa vile walaji hawakuwa wa ng'ambo? Mwoga mimi, nikanunua kreti nzima, nikaibeba juu.

Mtoto nilimkuta amelala kwenye kochi. Hulala kila Jumamosi baada ya chakula, lakini siku hiyo sikuamini usingizi wake. Nikapiga magoti nikaweka sikio kifuani pake. Sijawahi kuogopa vile, hata siku mama yangu alipoingizwa chumba cha upasuaji. Mke wangu akauliza nina nini, nikamweleza yote. Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Tulikaa tu tukimtazama anavyopumua.

Alasiri aliamka akidai chapati. Nililia mbele yake, na sioni haya kusema.

Mke wangu alimpa chapati, kisha akaigeukia ile kreti mlangoni.

"Ulisema ulikataa ngapi?"

"Sita."

"Hii ni moja."

Nikaenda dirishani. Vibanda vya mboga vilifuatana mpaka kule barabarani, na watu walikuwa wananunua cha jioni. Nikavaa viatu. Sikujua nianzie kibanda kipi.