Siku Nne Majini

Muhogo mchungu una masharti yake, na Verediana wa Mwandiga aliyajua tangu utotoni. Unaumenya, unauloweka kijitoni siku nne mpaka ulainike na sumu iishe, ndipo unauanika ukawa udaga, ndipo unautwanga. Siku nne, si tatu. Miaka kumi na mitano aliuza unga kando ya barabara, na hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika.

Halafu vita vya Zaire vikawavusha watu ziwa. Kambi zikajaa, wahisani wakagawa mahindi. Sasa mtu wa muhogo umpe mahindi, atayataka? Wakayauza kwa bei ya kutupa, wakaja kuutafuta muhogo, na debe la mia nane likafika elfu mbili. Usidhani Verediana alitajirika, thubutu! Sabuni ilipanda, chumvi ikapanda, dagaa wakawa wa kuangalia kwa macho, na mkusanya ushuru naye akaja na bei yake mpya. Redioni bwana mmoja mwenye sauti ya kushiba alisema uchumi wa taifa unaimarika.

"Unaimarika kwa nani?" Verediana akaiuliza redio, akaizima kuokoa betri.

Kilichomkosesha raha ni Happiness, bintiye wa pekee. Alichaguliwa kidato cha kwanza, msichana wa kwanza katika ukoo mzima, na Januari alitakiwa afike na ada, sare, sanduku na godoro. Kila Verediana alipoikaribia bei ya godoro, godoro lilipanda. Maji yalizidi unga. Akaanza kukata siku: nne zikawa tatu, tatu zikawa mbili, mpaka asubuhi moja akamtuma Happiness akaopoe muhogo uliolowekwa jana yake.

"Mama, mbona bado mgumu?"

"Utatwangika. Shule unaitaka huitaki?"

Unga ulitoka mweupe, mzuri wa macho, ukagombewa. Wa nyumbani aliuweka pembeni kwenye mtungi, ule wa siku nne. Alijua anachokifanya, huyu, tusimtafutie visingizio.

Siku moja mkimbizi aitwaye Skolastika, kamshika mwanawe mkono, aliuonja unga kwa ncha ya ulimi.

"Dada, huu haukulala majini. Kwetu unga wa hivi uliwalemaza watoto. Wanaamka miguu imekakamaa."

Wateja wote walisikia. Verediana akapandwa na hasira. "Si mna mahindi ya bure? Nendeni mkale mahindi yenu!"

Watu wakacheka. Skolastika akamtazama mwanawe, akafungua fundo la kitenge, akanunua. Angefanya nini?

Wiki ya Krismasi mteja wa mjini akataka debe zima, akaahidi kuongeza mia tano, na mezani hamna kitu. Mia tano ndiyo iliyokuwa imebaki kwenye godoro! Verediana akaukumbuka mtungi, akauuza unga wote. Tutakula huu mwingine siku mbili tatu tu, akajiambia. Siku mbili tatu zikawa wiki tatu, ugali kwa chumvi, bila dagaa wala maharage.

Godoro likanunuliwa. Siku nne kabla ya safari Happiness alikwenda kuchota maji, akaanguka njiani. Walipomsimamisha, miguu yote miwili ilikakamaa, vidole vikakwaruza ardhi. Akili timamu, mdomo unaongea, miguu haimtii.

"Mawe we, mama yangu!" Verediana akalia, akambeba mgongoni hadi barabarani.

Hospitalini muuguzi aliijaribu ile miguu mara mbili, akaiacha.

"Hii hairudi ilivyokuwa, mama. Muhogo mlikuwa mnaloweka siku ngapi?"

"Nne," Verediana akasema haraka.

"Moja," Happiness akasema. "Mimi ndiye nilikuwa naopoa."

Muuguzi akaandika. Kitanda cha jirani alilala mtoto mwingine, miguu imekakamaa vilevile, na mama aliyekuwa akimkanda akainua uso. Verediana akamtambua, akatamani ardhi ipasuke immeze. Skolastika alimtazama Happiness, kisha akamgeukia mama mtu.

"Kwani nyie, dada," akauliza, "mlikosa mahindi?"